Tupeane uzoefu: picha zenye saini za wale unaobanana nao kwenye mbio za boti

Mtumbatu wa Illinois

Wakuu habari zenu. Najua humu wengi ni watu wa mpira ila wapo wachache wa boti, nimewaona wakichangia mambo ya injini, huu uzi ni wenu. Nataka tupeane uzoefu wa kukusanya picha zilizosainiwa, na sisemi za mastaa, nasema za wenzako kabisa, wale mnaobanana nao kona ya kwanza.

Mimi kwetu Tumbatu, nimekulia kwenye boti ya baba mdogo ya mashine ya Yamaha, baadae nikaja huku Marekani nikatua Illinois. Jirani yangu alikuwa na kiboti cha mbao juu ya trela, kifupi, chembamba, nikamuuliza hiki unavulia samaki gani. Jumamosi iliyofuata akanipakia kwenye gari mpaka DePue, kamji kadogo tu kana ziwa, lakini watu wa mbio za injini za kupachika nyuma nchi hii wanakajua. Siku hiyo nilibeba boti za watu kuziingiza majini mpaka mgongo ukauma, na mwaka wa pili nikawa na yangu, daraja la C Stock Hydro, yaani viboti vidogo vya mtu mmoja, injini ya Yamato, kampuni ileile ya Japani ambayo injini zake zinatumika kule kwenye mbio zao za boti za kuwekea dau, zile zilizoanza 1952.

Kwa msiojua, humu dereva hakai, anapiga magoti. Mkono wa kulia usukani, wa kushoto unabana mkono wa mafuta, ukiachia tu unarudi wenyewe. Una kamba imefungwa mwilini, ukidondoka inachomoka na injini inazima. Na hamuanzi mmesimama, mnazunguka zunguka huku mnaitazama saa kubwa, ukivuka mstari kabla haijafika sifuri hiyo hiti, yaani mbio moja kati ya zile za shindano, huna kitu. Kawaida hiti mbili, wa kwanza anapata pointi 400, wa pili 300, wa tatu 225, zinajumlishwa.

Sasa shida yake ni hii, majini humuoni mtu. Unaona helmeti, laifujaketi na namba ya boti yenye herufi ya kanda anayotoka, basi. Msimu wangu wa kwanza nilikuwa na mpinzani mmoja, kila kona mimi na yeye, maji ya nyuma ya boti yake nimeyameza mpaka basi, halafu siku moja nimesimama foleni ya chakula dakika kumi nzima napiga stori na mzee mmoja mpole, mvi kichwa kizima, anaondoka ndo naona namba iliyoandikwa mgongoni kwenye jaketi lake. Ndo yeye! Nikaumia sana kwamba mtu huyu maisha yangu yako mkononi mwake kila Jumamosi na sura yake siijui.

Kuanzia hapo mke wangu anapiga picha, tunaenda kuzisafisha, shindano linalofuata namfuata mwenyewe kwenye trela lake namuomba asaini. Simuombi jina tu, namuomba aandike namba yake na mstari mmoja tulikutana wapi, kona gani, hiti ya ngapi. Saivi ninazo 63. Nyingi ni za watu ambao hawajawahi kushinda kitu, na kuna mmoja alinikopesha propela yake asubuhi na jioni akanipita kwa propela ya akiba, hiyo nimeitundika sebuleni.

Ila yule mzee wa foleni ndo sababu ya uzi huu. Picha yake kasimama pembeni ya boti kashika tupa, alikuwa ananoa propela. Alipotaka kusaini akachagua kona ya chini ambako maji yametoka ya kijivu, akaandika neno la kwanza, akasimama, kalamu imegusa karatasi, akaniuliza jina lako linaandikwaje? Misimu mitatu alikuwa ananiita kwa namba. Hapo aliposimama pakabaki doa jeusi kama punje ya ufuta, alafu ndo jina langu linaanza.

Amefariki baridi iliyopita. Binti yake amenitafuta, anasema nyumbani hawana picha ya baba yao yenye maandishi ya mkono wake, anaomba kama naweza kumpa. Nimeiskani tayari. Sasa wadau, mngempa ya asili au nakala? Na nyie mnakusanya vipi, semeni.

mamaboti

Pole sana kaka kwa msiba. Mimi ningempa ya asili, mzazi ni mzazi.

Niko Seattle, binti yangu anashindana daraja la watoto, wanaanza miaka 9, injini inawekewa kizuizi isiende mbio sana lakini mimi mama yake moyo huwa unakaa kooni mpaka arudi nchi kavu. Hao watoto wana utaratibu wao hakuna mtu mzima aliyewafundisha, mwisho wa msimu kila mmoja anakuja na picha zake kaprinti, wanakaa chini ya hema wanasainiana. Nina box zima. Mwenzake mmoja mwaka wa kwanza kaandika jina kwa herufi kubwa na moja kaigeuza nyuma mbele, mwaka wa pili kaandika vizuri na moyo pembeni, mwaka huu kaweka saini ya kikubwa ya kuzungusha huwezi hata kuisoma. Nimezipanga tatu hizo pamoja, mama yake alipoziona alikaa kimya muda mrefu akaomba azipige picha kwa simu.

Ila kuna kosa nimelifanya, nilizibandika za mwaka wa kwanza kwenye albamu ile ya gundi yenye nailoni juu, sasa hazitoki na zimeanza kuwa njano. Kuna anayejua namna?

Studio K/koo

Dada yangu hizo usizivute kwa nguvu utachana. Chukua uzi mwembamba wa kusafishia meno, upitishe chini ya picha taratibu kama unakata jibini, kwenda na kurudi. Ikigoma acha, piga picha ukurasa mzima kwanza uwe na akiba. Zile albamu ni adui, gundi yake na ile nailoni vinakula picha taratibu.

Na wengine nawaomba sikilizeni maana watu wanakuja hapa studio wanalia. Biro usitumie, inachimba karatasi, ukiilaza picha kwenye mwanga unaona mifereji. Tumia maka pen isiyofutika. Karatasi inayong'aa sana wino unateleza, printi kwenye ile yenye ngozi ngozi kidogo. Kabla ya kusaini futa sehemu hiyo kwa kitambaa kikavu, mafuta ya vidole yanaukataa wino, na kwa watu wa boti nyie mna mikono ya oili muda wote. Baada ya hapo usiifunike, iache ikauke vizuri, na matone ya maji kaa nayo mbali. Ukiweka kwenye fremu usiache kioo kigusane na picha, kwa joto letu la Pwani itang'ang'ania, weka kadibodi iliyokatwa katikati ipumue. Jua hapana kabisa. Wino wa maka unakimbia kwenye jua kuliko hata picha yenyewe.

Kuhusu swali la mkuu, mimi kama fundi nasema toa ya asili. Printi ikikaa vizuri inadumu lakini lile doa alilolisema ni la mtu wake.

zamu ya usiku Sharjah

Mimi sio mshindani ila naomba nichangie. Nilikuwa kwenye timu ya kusaidia gatini, hapa Khalid Lagoon yanafanyika yale mashindano makubwa ya F1H2O, Formula 1 ya boti, boti za matumbo mawili, injini ya kupachika nyuma vilevile lakini nguvu za farasi kama 400 hivi, zinapita kilomita 200 kwa saa, na zinaanza zimefungwa gatini injini zimezimwa. Huko wanagawa kadi za madereva zenye saini iliyochapwa kiwandani. Watu wanazigombania, mimi kwangu hiyo si saini, hakuna mkono wa mtu pale.

2015 nilikuwepo alivyoshinda Marit Strømøy wa Norway, mwanamke wa kwanza kushinda raundi ya mashindano yale. Gati zima lilipiga makofi, hadi wapinzani. Sikuwa na kalamu wala picha, najuta hadi kesho.

Ila nilichofanya baadae, wale wapiga mbizi wa boti ya uokoaji tuliokuwa zamu moja, Mmisri, Wafilipino wawili na Mkenya mmoja wa Likoni, nimeprinti picha yetu tumekaa juu ya boti na mitungi, wote wakasaini kila mtu kwa lugha yake. Hao ndio wanaoruka majini boti ikipinduka na dereva kafungwa mkanda ndani. Hakuna anayewaomba saini.

Nahodha Shela

Mtumbatu shikamoo kama umenizidi, kama hujanizidi poa. Sisi huku Lamu mbio zetu ni za mashua, hakuna injini, upepo tu na mtu wa kukaa juu ya ubao kuilinganisha chombo isilale. Lakini hilo la picha limenigusa maana manahodha wetu wanaondoka na hakuna kitu kimebaki.

Mwaka juzi nilipeleka picha kwa mzee mmoja tulieshindana nae toka mie kijana, nilimshinda mara moja tu na siku hiyo tanga lake lilikuwa limechanika. Nikampa maka. Akaniambia mie herufi zenu za skuli sizijui vyema. Akaandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia, jina lake, la babake, jina la mashua, na chini yake: "tanga lilikuwa bovu." Ile "bovu" kaivuta mkia wa ile herufi ya wau mpaka ukaingia kwenye maji ya picha. Sijaona saini nzuri kama ile.

Swali, nyinyi mnasainisha picha ya uso au ya chombo? Hapa kuna ubishi, vijana wanataka chombo kikiwa kimelala upande, mie naona uso.

Mtumbatu wa Illinois

Marahaba mzee wangu hapana, shikamoo wewe.

Mimi nasainisha zote mbili kama nimezipata, lakini kama ni moja basi uso, na helmeti iwe imeshikwa mkononi namba ionekane. Picha ya boti ikikimbia wanazo wengi. Ile ya mtu kakaa kwenye kreti ananoa propela unayo wewe tu kwa sababu ulikuwepo pale.

Nimewasikiliza, jana nimeituma ya asili kwa binti yake, nimeiweka katikati ya kadibodi mbili. Wakati tunapangana namna ya kuituma, na yeye akanipigia picha ukurasa wa daftari la baba yake la propela akanitumia. Alikuwa anaandika kila shindano, upepo umetoka wapi, propela ipi, nani kamaliza mbele yake. Kuna mistari mingi ina namba ya boti yangu tu. Ukurasa wa mwisho wa msimu namba imekatwa na juu yake kaandika jina langu, herufi zote zipo sawa.

Mzee wa Shela, hiyo ya "tanga lilikuwa bovu" tuwekee tuione.

Nahodha Shela

Iko nyumbani ukutani, huku umeme umekatika. Kesho jua likitoka naitoa nje naipiga naiweka.

Studio K/koo

Ipige kivulini mzee, si juani.