Mwarobaini, dawa ya vumbi au mfuko wa PICS: kipi kinazuia sumukuvu kwenye mahindi?

MkulimaKiteto
Wakuu, habari za mavuno. Huku Kiteto tunapukuchua, na ubishi wa kila mwaka umerudi nyumbani. Bibi anataka majani makavu ya mwarobaini na kivumbasi kihengeni, tabaka la mahindi, tabaka la majani. Jirani anachanganya dawa ya vumbi ya dukani. Wengine wamehamia mifuko ya PICS, ile isiyopitisha hewa. Habari ya wadudu naielewa, naulizia sumukuvu, ile sumu inayotengenezwa na kuvu. Mwaka 2016 iliua watu 20 Dodoma na huku Manyara. Kipi kati ya hivi vitatu kinaizuia?

BwanaShambaKongwa
Mkuu, mdudu ni kesi moja, kuvu ni kesi nyingine. Dawa ya vumbi inaua fukusi na dumuzi, kuvu haiigusi. Faida yake ni kwamba punje isiyotobolewa haiingiliwi na kuvu kirahisi, na lundo lisilo na wadudu halipati joto.

Mwarobaini nao usidharauliwe. Maabara ilionyesha tangu miaka ya 1980 kwamba maji ya majani yake yanazuia kuvu ya Aspergillus flavus kutengeneza sumu, ingawa kuvu yenyewe inaendelea kuota. Lakini kule maji ya majani yanaifikia kuvu yote. Kwenye gunia la kilo 100, majani makavu yanagusa punje chache. Isitoshe, sumu nyingine huanzia shambani, mahindi yakipigwa na ukame. Hiyo hakuna jani la kuiondoa.

Mama_Makueni
Sisi wa Makueni na Kitui, huku Kenya, tulizika watu 2004 kwa sumukuvu. Waliokufa ni 125. Mahindi mengi yalikuwa yamewekwa ndani ya nyumba yakiwa hayajakauka. Kwa hivyo mtu akiniuliza jani gani, mimi humuuliza kwanza: umeanika siku ngapi, na umeanika juu ya nini?

Na tafadhali, majani yawe yamekaushwa kivulini hadi yavunjike mkononi. Nimeona gunia lililotiwa majani mabichi. Lilipofunguliwa, majani yalikuwa yamenata kwenye punje, meusi, na mahindi yaliyoyazunguka yana ukungu wa kijani. Unyevu waliuingiza wenyewe.

KihengeChaBabu
Naheshimu wataalamu, ila msimvunje moyo bibi. Mfuko wa PICS una bei, na panya akiutoboa, kazi imekwisha. Mwarobaini uko uani, na kwa fukusi unasaidia kweli. Uchungu unatoka ukipepeta vizuri. Ila utupa msiweke kwenye mahindi ya kula, ule ndio wanaolevyea samaki.

BwanaShambaKongwa
Hapo kwa fukusi tuko pamoja, ndugu. Ila mahindi ya kula mwaka mzima mimi naweka kwenye PICS. Ile mifuko miwili ya nailoni ya ndani inabana hewa, wadudu wanakosa pumzi wanakufa, na unyevu wa nje hauingii. Sharti lake ni moja tu: mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Ukifungia mabichi, yatavunda humohumo.

Kama huna kipimo, chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi hadi theluthi, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi iliyokauka, tikisa dakika moja, uache dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15. Isipoganda, huenda bado hayajafika 13.5, kwa hiyo ongeza siku moja au mbili za jua, juu ya turubai au kichanja, si ardhini.

Na msimu ujao, Mkulima, ulizia Aflasafe. Inamwagwa shambani, kilo 10 kwa hekta, wiki mbili tatu kabla mahindi hayajatoa mbelewele. Ndani yake kuna kuvu isiyo na sumu, inayowahi nafasi ya ile yenye sumu.

MkulimaKiteto
Asanteni sana. Basi naanika kwanza, bibi aweke majani makavu kwenye mahindi ya kuuza mapema, ya kula yaende PICS. Swali la mwisho: punje zilizooza tunazochambua, niwape kuku?

Mama_Makueni
Hapana, wala ng'ombe. Ng'ombe akila, sumu inatokea kwenye maziwa na watoto wanayanywa. Kuchemsha pia hakuiondoi. Sisi tunachimba shimo tunazifukia, mbali na banda.