Changu kilo -1! Yule bwana kanifika hapa

Mnamjua, msinitake nimtaje.

Nimetoka diko la samaki sasa hivi, mikono yatetemeka. Mbele ya wavuvi, mbele ya mkubwa wetu, kanikata jicho: "Mie nilirejesha -1. Kama hukuitazama, shauri yako."

Shauri yangu!

Mizani yasomwa na laibrari ya kodi aliyoiandika yeye kwa lugha ya C, mie nimeiunga na programu yangu ya Python kwa ctypes, daraja la Python la kuita kodi ya C. Asubuhi waya wa mizani ukachomoka. C haina eksepsheni, ile kengele ya kosa inayosimamisha programu, basi fankshoni yake ikarejesha -1, sababu akaifukia kwenye errno, kisanduku cha nambari ya kosa. Python itajuaje kuwa -1 ni kilio? Ikaona nambari, ikachapa: changu, kilo -1. Mzee kakesha baharini, risiti yamdai samaki! Akaigeuza, akaitazama nyuma, akaniuliza: "Mwanangu, hii kilo niirudishe majini?"

Na yeye kasimama pale pale, "nilirejesha -1", kama aliyerejesha amana ya yatima. Kwenye faili lake la heda, linalotangaza fankshoni zake, hakuna hata neno moja la onyo. Nikaenda kuisoma errno: 0, yaani hakuna kosa. Lamu nzima ingezama, errno ingesema salama salmini!

"Shauri yako." Wallahi kasia lingekuwa karibu.

Nahodha_Mkunguni: Pole yakhe. Lakini ctypes ina errcheck. Ipe fankshoni ya kukagua, ikiona -1 irushe eksepsheni ya OSError. Hukuiweka. Bwana kakushinda.

BintiLangoni: Na hiyo 0 ni kwa kuwa laibrari hukuifungua na use_errno=True, bila hiyo ctypes haikutunzii errno 😂😂

Mtoa mada: Na "shauri yako" mbele ya wazee, hiyo nayo ina errcheck?

PundaWaShela: Nyie mwalilia -1? Mie nina kodi ya lugha ya Rust, nimeiunga na Python kwa PyO3. Rust ikipaniki, yaani ikikwama kwa kosa kubwa, Python yaletewa eksepsheni ya PanicException, nayo imerithi BaseException, mzazi wa eksepsheni zote, si Exception. Mitego yangu yote ya "except Exception" imeipisha kama bibi harusi. Seva chini usiku kucha.

Nahodha_Mkunguni: Afadhali yako yapiga kelele.

Mtoa mada: Jamani, turudi kwa yule bwana.

MlaWali: Sijaelewa hata neno. Hao changu bado wapo?

BintiLangoni: Wenye mahoteli wamebeba wote, tumeachiwa vibua.

MlaWali: Kila siku wao! Na barafu?

PundaWaShela: Barafu gani, umeme umekatika tangu alasiri.

MlaWali: Huku kwetu tangu jana!!