Naomba ushauri: je, maji ya kisima yanaweza kuhusika na kisukari cha mama na ugonjwa wa paka wetu?

Mleta mada: Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Mama yangu amegundulika kuwa na kisukari cha aina ya pili ingawa hajawahi kuwa mnene, na katika kipindi hichohicho paka wetu mzee amekonda huku akila sana. Daktari wa mifugo anasema tezi yake ya thairoidi inatoa homoni kupita kiasi. Tunakunywa maji ya kisima ambayo hayajawahi kupimwa. Je, uchafuzi wa mazingira unaweza kuchangia maradhi haya, na nianzie wapi?

Mpimamaji: Pole kwa kuuguza, ndugu yangu. Anzia kwenye maji, na uombe mahususi kipimo cha aseniki, sumu inayoweza kuwamo kwenye maji ya kisima, maana haina rangi, ladha wala harufu, na kuyachemsha maji hakuiondoi bali huifanya ikolee zaidi kadiri mvuke unavyotoka. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 kwa lita. Huko Bangladesh na Taiwan, wanywaji wa miaka mingi wa maji yenye aseniki nyingi walionekana kuugua kisukari zaidi ya wengine, na majaribio ya maabara yanaonyesha kwamba sumu hii huvuruga utoaji wa insulini kwenye kongosho na pia namna seli zinavyoipokea.

Tabibu wa Mifugo: Kuhusu paka, nakusihi usikimbilie kukilaumu kisima, kwa sababu ugonjwa huo ni wa kawaida kwa paka wazee. Uchafuzi unaoshukiwa zaidi hapo ni kemikali za bromini za kuzuia moto, zilizotiwa kwenye sponji za makochi, ambazo huchanganyika na vumbi la ndani na paka akazimeza anapojilamba manyoya. Hata hivyo, matokeo ya tafiti hayajakubaliana. Ushahidi ulio wazi zaidi kwamba kemikali za mazingira zinaweza kuvuruga mwili unatoka kwa panya, ingawa huo unahusu mafuta ya mwili, si tezi. Mwaka 2006 watafiti Felix Grün na Bruce Blumberg walionyesha kwamba tributiltini, iliyokuwa ikitiwa kwenye rangi za meli, huamsha vipokezi vinavyoziamuru seli changa kuwa seli za mafuta, hata watoto wa panya waliofikiwa na kemikali hiyo wakiwa tumboni wakawa na mafuta mengi mwilini.

Mleta mada: Nawashukuru sana. Je, mama asubiri majibu ya maji kabla ya kuanza dawa?

Mpimamaji: La, asisubiri hata siku moja. Aseniki hata ikipatikana, haitabadilisha ulazima wa kudhibiti sukari yake sasa, na kisukari cha ukoo kinaweza kumpata hata mtu mwembamba. Kwa wakati huu tafuteni maji ya kunywa na kupikia kutoka chanzo kilichopimwa. Msinunue chujio kabla ya majibu, kwani chujio la kawaida la mkaa haliaminiki kuondoa aseniki.

Tabibu wa Mifugo: Naye paka apewe maji hayohayo mnayokunywa ninyi, na vumbi lifutwe kwa kitambaa kibichi badala ya kufagiliwa.