Mafundi wa Dodoma, breki za dramu za Land Rover 109 hazirekebishwi kwa kubahatisha!

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira, na mafundi mliomo humu naomba msome mpaka mwisho.

Nina Land Rover 109 Series III, zile zilizotengenezwa kati ya 1971 na 1985. Breki zote nne ni dramu, yaani ngoma ya chuma inayozunguka na gurudumu, na ndani yake breki shuu zinatanuka kuisugua. Ni gari la kazi, linabeba alizeti na mahindi kutoka vijiji vya Chamwino na Mpwapwa kuja mjini, vumbi na makorongo ya mchanga njia nzima. Pedali ikaanza kushuka sana, lakini ukipampu mara ya pili inapanda na kuwa ngumu. Nikapeleka gereji moja hapa mjini, nikamweleza fundi hivyohivyo. Akajibu, "Bosi, masta silinda imekufa." Yaani ile pampu inayosukuma fluidi ya breki ukikanyaga pedali. Hakufungua hata gurudumu moja! Nikalipia masta silinda mpya, fluidi na ufundi. Gari likatoka na pedali ileile.

Jamani, pedali inayopanda ukipampu inakwambia breki shuu ziko mbali na dramu. Ikibonyea kama sponji, kuna upepo kwenye mabomba ya breki. Ukiikanyaga ukaishikilia nayo ikazama taratibu, hapo ndipo uishuku masta silinda au utafute panapovuja. Fundi asiyejua kutofautisha hayo matatu anauza vipuri kwa kubahatisha, na anayelipia ni mimi.

Nikarudi kulalamika. Safari hii akaingia chini na spana, akakaza ajasta, vile vya kusogeza breki shuu karibu na dramu, mpaka magurudumu yakawa magumu, akasema, "Sasa inashika." Mbele kulia hakulegeza kabisa. Kufika Ihumwa gari linavuta kulia, dramu inafuka moshi, ringi haishikiki kwa moto. Je, ningekuwa nashuka mteremko wa Nyang'oro na mzigo? Dramu ikipata moto inatanuka na kuikimbia breki shuu, lainingi (ile sehemu ya shuu inayosugua dramu) inapoteza mshiko, na fluidi iliyozeeka ikanyonya maji inachemka ndani ya mabomba. Pedali inakwenda mpaka sakafuni. Watu wanakufa hivyo.

Na kazi yenyewe haina uchawi. Mbele, 109 ina wili silinda mbili, zile zinazosukuma shuu, kila gurudumu, na kila breki shuu ina ajasta yake, unaifikia kwa nyuma ya sahani inayobeba breki. Unanyanyua gurudumu, unageuza ajasta ya kwanza mpaka gurudumu ligome, unairudisha kidogo kidogo mpaka lizunguke huru, ndipo unahamia ya pili. Ukimaliza, mtu akanyage pedali kwa nguvu ili shuu zikae mahali pake, halafu unazungusha tena kuhakikisha. Ajasta ikiwa na kutu, ipulizie mafuta ya kulegeza kutu uisubiri. Yeye alichukua nyundo.

Kilichonichosha zaidi ni hendibreki. Nilimwambia imelegea, akaenda kukaza breki za magurudumu ya nyuma! Hendibreki ya Land Rover hii haigusi magurudumu ya nyuma. Ina dramu yake peke yake, nyuma ya gia boksi ndogo, inashika propela shafti, mhimili unaopeleka nguvu kwenye ekseli. Ndiyo maana ukinyanyua gurudumu moja la nyuma, hendibreki hata ikiwa juu gari linaweza kutembea, kwa sababu difu, zile gia za katikati ya ekseli, inaliruhusu lile lililo hewani lizunguke. Yeye alipiga jeki nyuma, hakuweka jiwe wala gogo kwenye tairi lolote, na kijana wake amelala chini ya gari. Nilimtoa yule kijana kwa kelele.

Halafu wakapuliza vumbi la breki kwa kompresa. Lainingi za magari ya umri huu nyingi zilikuwa na asibesto, na vijana wanaojifunza kazi wamechuchumaa palepale wanalivuta. Kwa nini wasifute kwa kitambaa kilicholowa maji? Nyuma kushoto nako oili ya difu imepita kwenye sili, raba ya kuzuia oili, ikalowesha lainingi. Wameosha kwa petroli wakairudisha. Oili ikishaingia kwenye lainingi haitoki, ikipata joto inarudi juu na breki inateleza. Hiyo ni kubadili sili, na kubadili lainingi pande zote mbili za ekseli, basi.

Kisa cha kunijibu kila mara "gari lenyewe la kizamani, mzee" sikikubali. Gari hili lilishuka milima likiwa na breki hizihizi kabla huyo fundi hajazaliwa, kwa sababu waliolihudumia walifungua na kutazama.

Masta silinda ya zamani ninayo, nimeifungua, raba zake nzima na haina mkwaruzo. Jumatatu naibeba mpaka mezani kwa mwenye gereji na ninadai fedha yangu yote. Wakati huohuo natafuta fundi wa Land Rover za zamani, awe Dodoma mjini, Kongwa, Manyoni, popote nitakapofika polepole. Asinitajie bei kwanza. Aniambie kwa nini pedali ya 109 inapanda ukipampu, nami nitamletea gari.