Kusambaza EP mtandaoni: ada ya mwaka, kulipa mara moja au kukatwa asilimia?

Msumeno77:
Wakuu, msanii wa Bongo Fleva asiye na lebo ana EP ya nyimbo 5. Apitie njia ipi? Kuna wasambazaji (kampuni zinazokupelekea nyimbo Spotify na majukwaa mengine) wa ada ya kila mwaka kama DistroKid. Kuna wa kulipa mara moja kwa kila toleo kama CD Baby, nao wanakata asilimia 9 ya mapato ya mtandaoni. Halafu kuna wasiotoza kitu mwanzoni ila wanakula asilimia.

FundiMitambo:
Piga hesabu kwanza, mkuu. Tuseme ada ni dola 25 kwa mwaka na mwingine anakata asilimia 15. EP isipoingiza kama dola 167 kwa mwaka, wa asilimia ndiye nafuu, na wengi wanaoanza hawafiki hapo. Tena tangu 2024 Spotify hailipi wimbo ambao haujachezwa angalau mara 1,000 ndani ya miezi 12, na kila wimbo unapimwa peke yake. Ada ya mwaka inamfaa anayeachia kazi mfululizo, maana anapakia bila kikomo.

Tumbuizo:
Hesabu safi, ila ina tundu. Ada isipolipwa, nyimbo zinaweza kushushwa, na mara nyingi chanzo ni kadi tu: imeisha muda au haina salio siku ya makato. DistroKid wana malipo ya ziada ya kulibakiza toleo mtandaoni hata ada ikikoma, unalipia kila toleo.

Ukitaka kuhama, usianze kwa kufuta. Chukua ISRC ya kila wimbo (msimbo wa kuutambulisha, wenye herufi na tarakimu 12 kwa jumla), pakia kwa msambazaji mpya kwa ISRC zilezile, faili zilezile na majina yaleyale, herufi kwa herufi. Zikishaonekana, ndipo ushushe za zamani. Ukipewa ISRC mpya, hesabu ya waliosikiliza inaanza sifuri.

BintiKinanda:
Mnabishana ada wakati balaa liko kwenye biti, yaani mdundo unaoimbia. Kama biti ni ya kukodi, isiyo ya kipekee, usiiwashie Content ID (mfumo wa YouTube unaotambua wimbo wako kwenye video za wengine) hata kidogo. Wasanii wengine wameikodi hiyohiyo, kwa hiyo mfumo utadai video zao kuwa zako, nao watapinga, na msambazaji anaweza kuzuia mapato yako yote wakati wa mgogoro. Soma pia ukomo wa leseni. Nyingine zinaishia idadi fulani ya kusikilizwa.

Na biti ya prodyuza wa studio? Andikeni kabla ya kupakia: nani mwenye masta (rekodi yenyewe), na utunzi unagawanywa vipi. Makubaliano ya mdomo hufa siku wimbo unapovuma.

FundiMitambo:
Hapo dada umegonga penyewe. Niongeze vya kupakia: faili la sauti la WAV la 44.1 kHz, bit 16 au 24 (si biti ya mdundo), na kava la mraba pikseli 3000 kwa 3000. Kava lenye namba ya simu au nembo ya Instagram linarudishwa. Weka tarehe ya kutoka wiki 3 au 4 mbele, kwa sababu kupendekeza wimbo kwa wahariri wa Spotify kunataka angalau siku 7 kabla haujatoka.

Msumeno77:
Na redio je? Msambazaji anakusanya na huko?

Tumbuizo:
Hapana. Mirabaha ya redio na kumbi ina mkondo wake. Sajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki, au COSOZA ukiwa Zanzibar, kwa jina lilelile la mtunzi uliloandika kwa msambazaji.

BintiKinanda:
Kwa YouTube, jaza fomu ya kodi ya Marekani mapema. Bila fomu wanaweza kukata hadi asilimia 24 ya mapato yote. Ukiijaza ukiwa Tanzania, ambayo haina mkataba wa kodi na Marekani, unakatwa asilimia 30, lakini ya mapato ya watazamaji wa Marekani tu. AdSense, huduma ya Google inayotoa malipo ya YouTube, inalipa ukifikisha dola 100, na PIN ya kuthibitisha anwani huja kwa posta, kwa hiyo andika S.L.P. ambayo kuna mtu anaifungua.