Kionyeshi cha risasi chemba kwenye bastola: kina manufaa?

Msimamizi wa Malindi:
Assalamu alaykum. Ninasimamia walinzi wanaosindikiza fedha hapa Unguja, na kila jioni zamu inapobadilika bastola hupokezanwa katika chumba kidogo chenye taa hafifu, na umeme ukikatika hata hiyo taa haipo. Mwezi uliopita kijana wetu mmoja alichomoa magazini (kisanduku cha risasi kinachochomekwa kwenye mpini), akaamini bastola ni tupu, akafyatua. Risasi iliyokuwa imebaki chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu inapokaa risasi ya kufyatuliwa, ikatoboa ukuta, na alhamdulillahi hakuumia mtu. Sasa mwajiri anataka kununua bastola zenye kionyeshi cha risasi na alama ya kuonyesha kuwa bastola imekokiwa. Je, vitu hivi vinasaidia kweli, au vitawazidishia vijana wangu uzembe?

Fundi wa Wete:
Wa alaykumu salaam, ndugu yangu. Nimetengeneza silaha hadi nikastaafu, na ningependa kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kionyeshi cha risasi kinaeleza kama kuna kitu ndani ya chemba. Alama ya kukoki inaeleza tu kama springi ya pini inayogonga risasi imevutwa tayari. Bastola inaweza kuwa imekokiwa na chemba iko tupu. Kwenye bastola ya Glock, kwa mfano, triga ikiwa mbele ujue imekokiwa, lakini haikuambii lolote kuhusu risasi. Kwenye Walther P99 ncha nyekundu huchomoza nyuma ya slaidi (kile kipande cha juu kinachovutwa nyuma), nayo vilevile inazungumzia pini peke yake.

Vionyeshi vya risasi si jambo jipya. Luger ya Wajerumani, iliyoingia jeshini mwao mwaka 1908, ina kulabu ya kutolea ganda ambayo huinuka risasi ikiwemo na kufichua neno GELADEN ubavuni, yaani imejazwa. Asiyejua Kijerumani hupapasa kwa kidole tu. Walther PP ya 1929 ina kipini kinachochomoza juu ya nyundo. Hicho kinafaa gizani, na kwa chumba chako ndicho ningekitafuta.

Lakini nimeona silaha nyingi zilizokaa karibu na bahari. Upepo wetu wa chumvi hula chuma, uchafu na mafuta makavu huganda kwenye tundu la kipini, na kipini kilichokwama ndani kitasema chemba ni tupu ilhali risasi imo. Kwa hiyo kionyeshi kikisema risasi imo, kisadiki. Kikisema haimo, usikisadiki hata kidogo. Mlinzi achomoe magazini kwanza, kisha avute slaidi, kisha atazame chemba na kuigusa kwa kidole. Akianza na slaidi, magazini itasukuma risasi nyingine ndani, na atakuwa amejiandalia balaa kwa mkono wake.

Ummu Khalid, Chake Chake:
Shikamoo, Fundi. Nakubaliana nawe kuhusu mlinzi, lakini mlinzi amefunzwa. Marehemu mume wangu alikuwa na bastola yenye kibali, na siku moja niliikuta juu ya kabati, wajukuu wakicheza chini yake. Sikuwa na nguvu ya kuvuta slaidi wala sikujua utaratibu huo unaoueleza. Alama iliyo wazi ingeniambia angalau niwatoe watoto kwanza. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilikadiria mwaka 1991 kwamba kati ya vifo 100 vya ajali za bunduki, 23 vingezuilika kwa kionyeshi cha risasi, na 8 zaidi kwa kifaa cha kumzuia mtoto mdogo asifyatue. Baadaye sheria ya California ikataka kionyeshi kwenye bastola mpya kiwe na maandishi au mchoro, ili mtu mzima aelewe bila kusoma kitabu cha maelekezo. Alama ndogo ya kupapasa unayoisifu, mtu kama mimi asingeijua.

Fundi wa Wete:
Marahaba, Bi Ummu Khalid. Umenisahihisha, nami nashukuru. Nilikuwa ninafikiria mikono ya mafundi tu. Kwa nyumbani alama iwe na maandishi, tena kwa lugha inayosomwa humo, ingawa kwa bastola iliyo juu ya kabati kwenye nyumba yenye watoto ningesisitiza zaidi sanduku la chuma lenye kufuli.

Msimamizi wa Malindi:
Allah awalipe kheri nyote. Nitamwambia mwajiri anunue zenye alama ya kupapasa, lakini kabla hazijafika nitaweka pipa la mchanga mlangoni, ili mtutu uelekezwe humo wakati wa makabidhiano, na anayekabidhi na anayepokea waiguse chemba wote wawili. Fundi, hicho kipini kisafishwe kila baada ya muda gani kwa hali yetu ya chumvi?

Fundi wa Wete:
Kila wiki, na kila ilipolowa mvua siku hiyohiyo. Mafuta yawe kidogo sana, kwa sababu yakizidi hukusanya vumbi.