Tupeane uzoefu: kujitolea katika vituo vya ushauri wa kisheria mitaani Nairobi

Ndugu zangu, kwa miaka kadhaa nimejitolea katika kituo kidogo cha ushauri huku Kayole, na ningependa kuwasikia wenzangu wanaofanya kazi hii Mathare, Kibra, Mukuru, Korogocho na kwingineko. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inamtambua msaidizi wa kisheria, lakini haimfundishi namna ya kumpokea mtu anayefika akilia, mkononi ana bahasha ya karatasi asizozielewa. Naomba kila mmoja aeleze shauri moja tu, na hasa hatua iliyolisogeza mbele au kulikwamisha, bila kumtambulisha mhusika.

Nianze mimi. Dada mmoja aliyefanya kazi ya nyumbani aliachishwa kwa simu, bila notisi na bila mshahara wa mwezi ule. Aliamini kwamba, kwa kuwa hakuwahi kutia sahihi mkataba wowote, hakuwa na haki ya kudai chochote. Sheria ya Ajira ya 2007 inatambua mkataba wa mdomo, na inampa anayelipwa kwa mwezi notisi ya siku 28 au malipo badala yake. Hata hivyo, hatukuanza kwa kumsomea vifungu. Tulichukua taarifa yake ya M-Pesa, ambamo mshahara ulionekana ukiingia kila mwisho wa mwezi kutoka nambari ileile. Tukaandika tarehe aliyoanza kazi, likizo ambazo hakupewa na maneno aliyoambiwa siku ya mwisho. Kisha tukaandaa barua ya madai ambayo aliipeleka yeye mwenyewe kwa afisa wa kazi. Mwajiri alipoitwa, alilipa. Ninaamini kilichomfanya alipe ni ule ukurasa mmoja wenye tarehe, kwa sababu hakukuwa na la kubishania tena.

Niongeze jambo moja, kwani nimeliona likirudiwa katika vituo vingi. Madai ya mshahara hayapelekwi katika Mahakama ya Madai Madogo, ingawa jina lake linavutia. Mahakama hiyo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, kama vile deni la bidhaa au la huduma, na inatakiwa kuamua ndani ya siku 60, lakini sheria iliyoianzisha inaiondolea migogoro ya ajira. Mtu aliyeomba ruhusa kazini na kulipa nauli hadi mahakama ya Milimani, akarudishwa, mara nyingi hatafuti msaada tena popote.

Mkazi wa Mathare: Ahsante kwa kulianzisha. Kwetu mashauri mengi ni ya kodi ya nyumba. Mama mmoja alirudi kutoka sokoni akakuta mlango umetiwa kufuli la pili, ilhali vyombo, sare za watoto na dawa za mwanawe vimo ndani. Kodi yake ilikuwa chini ya shilingi 2,500 kwa mwezi, kiasi ambacho Sheria ya Udhibiti wa Kodi bado inakitumia kama kikomo cha nyumba inazozilinda, na mpangaji wa namna hiyo hafukuzwi bila amri ya baraza linaloamua migogoro ya kodi za nyumba. Tungeweza kuandika malalamiko siku ileile, lakini mtoto alihitaji dawa usiku huo. Kwa hiyo tulimwendea kwanza mzee wa Nyumba Kumi, naye akamwita msimamizi wa ploti, na mlango ukafunguliwa kabla ya magharibi. Makubaliano ya kulipa deni kwa awamu yaliandikwa kesho yake, pande zote zikatia sahihi. Wako wenzetu wanaoona kwamba kusuluhisha ni kulegeza haki. Mimi siafiki, maana Katiba yenyewe, katika kifungu cha 159, inahimiza upatanisho, na mama yule anaendelea kuishi katika ploti ileile. Kinachonisikitisha ni kikomo chenyewe: chumba cha shilingi 4,000, ambacho anayekikodi ni kibarua vilevile, hakimo katika ulinzi huo.

Mwanafunzi, Kibra: Mimi ni mgeni katika kazi hii. Nifanye nini mtu anapoanza kunieleza habari za kubakwa, nami nina fomu ya kujaza na foleni nje?

Mkazi wa Kayole: Fomu iache. Mtoe pale penye watu na umsindikize hospitali kwanza, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na ushahidi wa kitabibu nao hupotea kadiri saa zinavyopita. Asioge wala kufua nguo alizovaa. Nguo zenyewe ziwekwe katika mfuko wa karatasi. Kuripoti polisi na kujaza fomu ya P3, yaani fomu ya polisi ambayo daktari huandika majeraha aliyoyaona, nayo haina malipo rasmi, kunaweza kufuata baada ya matibabu. Simu ya 1195 hupokea wahanga bila malipo, na ikiwa ni mtoto, piga 116. Usimlazimishe kurudia habari ile kwako ili uandike vizuri. Atalazimika kuieleza mara nyingi mbele ya wengine. Katika daftari la mapokezi, ambalo kila anayeingia hulisoma, andika tu kwamba amepelekwa hospitali, na jina lake lihifadhiwe kwenye jalada linalofungwa kwa ufunguo.

Mkazi wa Mathare: Naunga mkono, hasa hilo la daftari. Sasa tungependa kuwasikia wa Mukuru, mnaopakana na viwanda. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri kuripoti ajali ndani ya siku 7, lakini kibarua wa siku, ambaye jina lake haliko kwenye orodha yoyote, mnathibitishaje kwamba aliumia ndani ya lango?